Je, wajua kwa nini ruta iliyoandikwa 300 haikupi 300?

Katika maduka ya vifaa vya kompyuta yaliyo katikati ya Jiji la Dodoma, kila boksi la ruta ya bei nafuu lina namba kubwa iliyochapishwa pembeni ya picha: N300, AC1200, AX1500. Mnunuzi mwenye kifurushi cha faiba cha megabiti 50 kwa sekunde huiona ile 300 na kupiga hesabu kwamba amepata mara sita ya mahitaji yake. Akifika nyumbani Ilazo au Nkuhungu na kuiwasha ruta yake mpya, simu iliyo chumbani inaambulia megabiti nane, video inakwama, na lawama zote zinaiangukia kampuni ya intaneti. Namba ile haikuwa ya uongo, ila haikuwa na maana aliyoidhania.

Tuitazame N300, kwa kuwa ndiyo ya bei ya chini. Herufi N inahusu kiwango cha waifai kilichopitishwa mwaka 2009, ambacho siku hizi huitwa Wi-Fi 4. Zile megabiti 300 hupatikana pale tu ruta na kifaa kinachopokea vinapotumia mikondo miwili ya data kwa pamoja, tena katika chaneli, yaani njia ya mawimbi, yenye upana wa megahezi 40. Bendi yote ya gigahezi 2.4, yaani eneo zima la mawimbi ambamo ruta hii hurushia, ina upana wa megahezi 80 na ushee, hivyo chaneli moja ya aina hiyo humeza karibu nusu yake. Katika mtaa wenye nyumba zilizobanana, ambako kila mpangaji ana ruta yake, ruta iliyotengenezwa vizuri hutambua kwamba majirani wapo na kurudi kwenye chaneli ya megahezi 20, na hapo 300 inakuwa 144. Simu nyingi za bei ya kawaida zina antena moja tu ya waifai, yaani mkondo mmoja, kwa hiyo 144 inakuwa 72. Tena, vifaa vinavyotumia chaneli moja haviwezi kuzungumza vyote kwa mpigo. Kila kimoja hungoja zamu yake na kuthibitisha kwamba data imefika, na sehemu kubwa ya muda, mara nyingi karibu nusu, huishia hapo. Zinazobaki ni megabiti 40 hivi, na hizo ni za simu iliyo mita mbili tu kutoka kwenye ruta, bila ukuta katikati.

AC1200 ina namna yake ya kuhesabu. Ni jumla ya redio mbili zilizomo ndani ya ruta moja: 300 za bendi ya gigahezi 2.4 na 867 za bendi ya gigahezi 5, zikajumlishwa na kukadiriwa kwenda juu. Simu yako hutumia bendi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo jumla hiyo haiwezi kuifikia kamwe. Hata hivyo, hii ndiyo ruta ninayomshauri mtu mwenye fedha kidogo aitafute kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu bendi ya gigahezi 5 ina chaneli nyingi zaidi na haina msongamano wa majirani, bluetooth na majiko ya maikrowevu uliojaa kwenye bendi ya chini. Ukikuta ya Wi-Fi 6, yaani yenye herufi AX, kwa nyongeza ndogo ya bei, ichukue.

Kabla hujalipa, geuza boksi usome maelezo ya matundu ya waya. Pakiwa pameandikwa 10/100, tundu hilo halipitishi zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde, hata kama waifai yake imetangazwa kuwa ya 1200. Mwenye kifurushi cha megabiti 20 au 50 hana sababu ya kuhangaika na jambo hilo, lakini anayelipia 150 atakuwa anatupa theluthi ya fedha zake kila mwezi.

Sasa tuje kwenye antena, jambo linalowapoteza wanunuzi wengi. Ruta yenye antena nne ndefu inaonekana kama itafika hadi nyumba ya pili, ilhali nguvu ya kurusha mawimbi ina kikomo kinachowekwa na mamlaka za mawasiliano, na antena hazikiondoi kikomo hicho. Zaidi ya hapo, mawasiliano ya waifai ni ya pande mbili. Ruta hata ikipaza sauti ikasikika chumbani, simu inapaswa kujibu kwa betri yake ndogo, na jibu hilo lisipofika, data haiendi. Ndiyo maana unaweza kuona alama ya waifai imejaa nusu na bado ukurasa haufunguki.

Kinachoua mawimbi hayo ni nyumba zetu wenyewe. Ukuta wa matofali ya saruji huyapunguza, nguzo na lenta zenye nondo huyapunguza zaidi, na mlango wa chuma huyarudisha yalikotoka. Maji nayo huyanyonya, kwa hiyo mapipa ya maji ya akiba yaliyopangwa stoo, jambo la kawaida Dodoma, ni kizuizi kamili kati ya sebule na chumba cha nyuma. Mawimbi ya gigahezi 5 huathirika zaidi ya yale ya 2.4, hivyo bendi ile yenye kasi ndiyo inayochoka mapema baada ya kuta mbili. Nyumbani kwangu ruta ilikuwa imefichwa nyuma ya televisheni, chini, kwenye vumbi na joto. Niliihamishia juu ya kabati la koridoni, karibu na katikati ya nyumba, nikaziacha antena zimesimama wima kwa kuwa hurusha mawimbi kwa pembeni kuliko juu na chini, na video zilizokuwa zikikwama chumbani zikaanza kucheza bila kusimama. Sikutumia hata shilingi.

Ikiwa nyumba ni ndefu na chumba cha mwisho bado kinateseka, usikimbilie kifaa cha kurudia mawimbi. Kile cha bei rahisi hupokea na kurusha kwa chaneli ileile, kwa hiyo hugawa kasi katikati. Nunua waya wa mtandao wa Cat 5e, ambao unaweza kufika mita 100, uupitishe juu ya dari, kisha mwishoni mwake chomeka ruta ya pili ya bei ndogo iliyopangwa kufanya kazi ya kurusha waifai tu. Ruta mbili za kawaida zilizounganishwa kwa waya huishinda ruta moja ya gharama inayopambana na kuta nne.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayeniomba ushauri: kabla ya kwenda dukani, chomeka kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye kifaa cha faiba na upime kasi. Kama hapo napo unapata megabiti nane, hakuna ruta itakayokusaidia, na anayepaswa kupigiwa simu ni mtoa huduma.