Kipindi cha dini hakivunji Katiba

Utamsikia mzazi akisema: serikali haina dini, basi kipindi cha dini katika shule ya msingi ya serikali kinavunja Katiba. Sivyo. Ibara ya 3 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inasema nchi haina dini, lakini haisemi raia wake hawana. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa kila mtu kuabudu, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya dola. Ndiyo maana kengele ikilia darasa hugawanyika: wenye juzuu humfuata ustadhi chini ya mwembe, wengine hubaki na katekista. Mara nyingi walimu hao hutoka msikitini na kanisani. Ninachokipigania mimi ni mtoto asilazimishwe kukaa kipindi cha imani isiyo ya kwao.