Wasiofika kliniki: jinsi ninavyofundisha afya ya jamii Mombasa

Mwanafunzi wa uuguzi anapofika kwenye somo la afya ya jamii huwa amekwisha kuizoea wodi. Anajua kupima shinikizo la damu, kumwekea mgonjwa dripu na kusoma chati ya kitandani, na pia limemkaa jambo ambalo hakuna aliyemfundisha waziwazi, kwamba mgonjwa ni mtu aliyekuja hospitalini. Kazi yangu hapa Mombasa ni kumtoa katika fikira hiyo. Mgonjwa ninayetaka amfikirie ni yule asiyekuja: mtoto aliyechanjwa mara moja akatoweka, mzee mwenye presha asiyejijua, au mtaa mzima unaougua kwa sababu moja huku kila mmoja akipewa dawa yake na kurudishwa nyumbani. Nchini Kenya stashahada ya uuguzi humsajili mhitimu kama muuguzi wa afya ya jamii, na mtaala umepangwa hivyo kwa makusudi. Hata hivyo, ukiwauliza wanafunzi wangependa kufanya kazi wapi, wengi watataja chumba cha upasuaji au wodi ya wagonjwa mahututi. Siwalaumu, kwa sababu huko matunda ya kazi huonekana kabla ya zamu kwisha.

Siku ya kwanza sianzi na Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 kuhusu huduma za afya ya msingi, ingawa ni lazima walijue na nitawauliza baadaye. Naanza na daftari la chanjo. Katika ratiba ya Kenya mtoto hupata chanjo ya pentavalenti, inayokinga magonjwa matano na ambayo wote tunaiita penta, akiwa na wiki 6, 10 na 14. Tuseme daftari la zahanati linaonyesha watoto 50 waliopata penta ya kwanza na watoto 41 waliomaliza ya tatu. Mwanafunzi aliyefundwa wodini ataniambia kwamba watoto 41 wamekingwa, na atakuwa amesema kweli. Mimi namtaka awatafute wale 9. Tisa katika 50 ni asilimia 18, na kwa kawaida kiwango cha watoro kikizidi asilimia 10 huhesabiwa kuwa dalili kwamba kuna kasoro katika huduma, si uzembe wa mama mmoja mmoja. Hapo ndipo maswali yenye faida huanza. Je, kliniki hufunguliwa saa ambazo mama anauza mboga Kongowea? Je, chanjo iliwahi kukosekana, akarudishwa nyumbani na nauli yake ikapotea? Je, mtoto alipata homa baada ya sindano ya kwanza, na nyanya yake akaamua kwamba yatosha?

Swali linalofuata ni gumu zaidi: kati ya wangapi? Daftari huwaonyesha waliofika tu, na hata wale watoto 9 walifika angalau mara moja. Wako ambao jina lao halimo kabisa, na huwezi kuwajua bila kujua idadi ya watoto wote walio katika eneo la zahanati hiyo. Sensa ya 2019 iliihesabu kaunti ya Mombasa kuwa na watu 1,208,333, lakini namba hiyo haimsaidii sana muuguzi wa zahanati moja, na makadirio yanayotokana nayo huchakaa upesi katika mji ambao wapangaji huhama kila mwezi. Wanafunzi hushangaa wanapokutana na kituo ambacho, kwa hesabu, kimechanja asilimia 115 ya watoto wake. Hakuna muujiza hapo. Ama makadirio yalikuwa madogo, ama akina mama wanatoka nje ya eneo, kama inavyotarajiwa katika kituo kilicho karibu na kivuko cha Likoni, ambako watu wa Kwale hupita kila siku. Namba iliyozidi mia moja huwa naipenda kwa kufundishia, kwa sababu inamlazimisha mwanafunzi kuitilia shaka ile ya chini ya mstari, yaani idadi ya watoto wote, ambayo siku nyingine angeipokea bila kuitazama.

Ndiyo maana tunahesabu wenyewe. Tunachukua sehemu ndogo ya mtaa na kuandamana na wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao kila mmoja hushughulikia takriban kaya 100 na ambao tangu 2023 wanatambuliwa na Sheria ya Afya ya Msingi. Kazi ya kuhesabu kaya huonekana nyepesi hadi mwanafunzi asimame mbele ya nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mmoja na vyumba sita, kila chumba kikiwa na mpangaji wake. Hiyo ni kaya moja au sita? Kanuni ni kutazama nani anapika na nani na nani anamtambua nani kuwa mkuu wao, na kwa kanuni hiyo nyumba moja inaweza kuwa na kaya sita, na kijana anayelala Majengo lakini anakula kwa shangazi yake mtaa wa pili akawa tatizo la kujadiliwa jioni nzima. Naacha wajadili. Ukikosea kaya, kila asilimia utakayoiandika baadaye itakuwa imekosewa.

Adabu ya kuingia mtaani tunaifundisha kabla ya fomu. Tunaanza kwa chifu na mzee wa mtaa, tunapiga hodi na kungoja, na ikiwa nyumbani yuko mwanamke peke yake, mwanafunzi wa kiume hukaa barazani au hungoja mwenzake wa kike. Simu hukaa mfukoni. Hatupigi picha vyoo vya watu.

Somo linalochukua muda mrefu kuliko yote ni la maji na mbu. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 Mombasa ilikumbwa na chikungunya, na homa ya dengi imeshatutembelea zaidi ya mara moja. Magonjwa haya mawili huenezwa na mbu aina ya Aedes, ambaye tabia zake ni tofauti na za mbu wa malaria ambaye mwanafunzi amemzoea vitabuni. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii vya kutosha. Hapendi mitaro michafu bali maji yaliyotulia ndani ya vyombo: pipa, tangi, ndoo, tairi kuukuu, sahani iliyo chini ya chungu cha maua. Mayai yake huyabandika kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa chombo kikijazwa tena. Katika joto letu safari ya kutoka yai hadi mbu huchukua wiki moja hivi au zaidi kidogo. Mambo haya wanafunzi huyakariri kwa haraka, kisha hukimbilia mtaani kuwaambia watu wamwage maji.

Hapo hukutana na mama ambaye huwasikiliza kwa upole, kisha huuliza: "Sasa mwanangu, nikiyamwaga, mengine yaja lini?" Swali hilo nalipa uzito kuliko mhadhara wangu wote wa asubuhi. Mombasa haina chanzo kikubwa cha maji matamu ndani ya mipaka yake. Maji yetu ya bomba hutoka chemchemi za Mzima katika Tsavo Magharibi, Baricho kwenye mto Sabaki, na Marere na Tiwi upande wa Kwale, na hayatoshi. Mahali ambapo bomba hutoa maji kwa zamu, au halitoi kabisa, familia hununua mitungi ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni na kuyahifadhi, na akiba hiyo ya maji safi ndiyo makao bora ya Aedes. Kwa hiyo chanzo cha homa iliyomlaza mtoto kiko ndani ya pipa, lakini pia kiko katika uhaba wa bomba, na kumwambia mama amwage maji aliyoyalipia ni kumtwika yeye mzigo wa upungufu ambao hakuusababisha.

Mwanafunzi akishalielewa hilo, ushauri wake hubadilika wenyewe. Badala ya kusema amwage, husema afunike chombo kwa kifuniko kinachoziba au kwa kitambaa kilichofungwa kwa kamba, na kwamba kila wiki chombo kinapokaribia kuisha akisugue kuta zake kwa brashi kabla ya kukijaza tena, kwa kuwa kusuuza tu hakuyatoi mayai. Humwambia pia kwamba mtu mwenye homa inayoshukiwa kuwa ya dengi apewe parasetamoli na vinywaji kwa wingi, wala asinunuliwe aspirini au ibuprofeni dukani, kwa sababu zinaweza kuzidisha hatari ya kutokwa na damu. Na ripoti yake kwa zahanati haiishii kwenye idadi ya vyombo vyenye viluwiluwi. Inaonyesha pia siku ambazo bomba la mtaa huo lilitoa maji. Maoni yangu, ambayo wenzangu wengine hawakubaliani nayo, ni kwamba mawaidha ya afya tunayoyatoa kwa kusimama mbele ya akina mama kwenye benchi la kliniki ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote ya kazi yetu, na tunayapenda kwa sababu ni rahisi kuyaandika kwenye ripoti kuwa yamefanyika.

Mfano wa pili uko Jomvu. Katika mtaa wa Owino Uhuru kiliwekwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi hapo, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana sumu ya risasi mwilini, akaanza kuwahimiza wakazi wapimwe na kudai kiwanda kifungwe. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya Mahakama ya Rufaa kuitengua fidia hiyo, Mahakama ya Juu Zaidi iliirejesha Desemba 2024. Habari hii wanafunzi huwa wameisikia redioni kama habari ya mahakama. Mimi nawataka waione kutoka kwenye meza ya muuguzi. Mtoto mwenye risasi mwilini huja akiumwa tumbo, au akiwa na upungufu wa damu, au akichelewa kujifunza, na kila dalili ina dawa yake ya kawaida ambayo angepewa bila mtu kushuku lolote. Hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na hata pale dawa za kuiondoa zinapohitajika, hazina maana kubwa ikiwa mtoto atarudi kucheza kwenye udongo uleule. Kinachomwezesha muuguzi kushuku ni safu ya anwani kwenye daftari la wagonjwa wa nje, ambayo wengi huijaza kwa neno moja, "Mombasa," na kuendelea. Nakataa neno hilo katika kazi za wanafunzi wangu.

Kuhusu presha nafupisha, kwani somo lake nalitoa kwa wiki nzima. Mwaka 1985 daktari Mwingereza Geoffrey Rose alieleza kwamba watu wengi walio katika hatari ndogo wanaweza kuzaa wagonjwa wengi kuliko watu wachache walio katika hatari kubwa. Wanafunzi hulipinga, kwa sababu wodini wamewaona wale wachache. Basi tunahesabu chumvi, ambayo hupandisha presha: Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, nasi tunajaribu kukadiria iliyomo kwenye mkate wa asubuhi, achari ya mchana na kachiri za jioni, vyakula ambavyo hata asiye na presha hula.

Mwishoni mwa kipindi simpi alama mwanafunzi kwa uzuri wa bango. Kila kundi huandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, unaosomwa mbele ya mzee wa mtaa na wahamasishaji kabla ya kufika kwangu, ili makosa ya kaya na majina ya vichochoro yasahihishwe na wenyeji. Ukurasa huo hubaki zahanati pamoja na orodha ya watoto ambao hawakukamilisha penta. Kundi linalofuata hurudishwa mtaa uleule, na kazi yake ya kwanza ni kuitafuta milango ya watoto hao na kuandika nani amepatikana, nani amehama, na nani hakuna anayejua aliko.