Mgongo ukiuma zaidi ya miezi 3, akili nayo itibiwe

Wengi wanaofika kwetu, kitengo cha fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) hapa Mbeya, huja na bahasha ya eksirei mkononi na maneno yaleyale: "Wameniambia pingili zimesagika." Mchuma chai wa Rungwe huyasema, mpakia lumbesa za viazi wa Uyole naye huyasema. Kabla sijaifungua bahasha, huuliza mgongo umeanza kuuma lini. Ukishapita miezi 3, matibabu hubadilika.

Pingili zilizosagika huonekana pia kwenye picha za watu wasioumwa kabisa. Mara nyingi jeraha la mwanzo limeshapona, ila mishipa ya fahamu na ubongo vinaendelea kupiga kelele, kama mbwa anayebweka wakati mwizi ameshaondoka. Maumivu ni ya kweli, hakuna anayeigiza. Lakini hofu, kukosa usingizi na mawazo ya ada ya watoto humfanya mbwa huyo abweke zaidi. Mtu hukaza misuli, hutembea kama aliyebeba mayai, na mgongo unazidi kudhoofu kwa kukosa kazi.

Ndiyo maana akili nayo inaingia kwenye tiba. Njia mbili zimepimwa kwa kushindanishwa. Ya kwanza ni mafunzo ya utulivu wa akili yaliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979: kwa wiki 8 unajifunza kufuata pumzi na kuupitia mwili kiungo kwa kiungo, ukiyatambua maumivu bila kupigana nayo. Ya pili ni tiba ya fikra na tabia. Hapo tunalishika wazo kama "nikiinama mgongo utakatika", kisha tunalijaribu kwa vitendo: leo palilia nusu tuta, kesho kutwa tuta zima.

Utafiti wa watu 342 katika jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya wiki 26 walioweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi walikuwa karibu asilimia 60 katika utulivu wa akili, 58 katika tiba ya fikra, na 44 kwa waliobaki na matibabu ya kawaida. Kati ya hizo mbili ni sare. Kwa hiyo sisemi ipi ni bora. Ninachokuuliza ni ipi utaweza kuiendeleza ukiwa nyumbani.

Yoga nayo, katika utafiti wa Boston wa mwaka 2017, haikuachwa nyuma na fiziotherapia. Tai chi, mazoezi ya polepole ya Wachina, imo pia katika mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka huohuo. Ila mwalimu wa tai chi utampata wapi Tukuyu? Wengine huniuliza kama yoga ni ibada. Tunachofundisha sisi ni kupumua na kunyoosha viungo, basi.

Kwa mchuma chai wangu huanza na kulegeza misuli, kwa sababu hakuhitaji nauli. Usiku ukiwa kitandani, kaza nyayo kwa sekunde 5, achia huku ukitoa pumzi taratibu. Panda kwenye vigimbi, mapaja, tumbo, mabega, hadi uso. Fanya hivyo kila siku, na mchana uendelee kutembea. Mkanda wa kiunoni uuweke kando: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 hauupendekezi kwa maumivu haya ya muda mrefu.

Kuna migongo ambayo haifai kuanza na njia hizi. Ukipata ganzi sehemu za siri au makalio, mkojo au choo kikikushinda, au mguu ukipoteza nguvu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na mgongo kuuma vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Usikae navyo nyumbani ukijikanda, njoo upimwe. Vivyo hivyo ukiwa umeanguka na bodaboda, au umewahi kuugua saratani.