Treni ya mvuke kwenye theluji: yanayosemwa Mwanza na ukweli wake

Kila ikikaribia Krismasi, video za treni ya mvuke inayopanda mlima mweupe kwa theluji huzunguka kwenye simu zetu. Nyingi ni za Brocken, mlima ulio katika safu ya milima ya Harz huko Ujerumani, na maelezo yanayoambatana nazo mara nyingi yamekosewa.

"Penye theluji pana mlima mrefu mno." Dhana hii ina nguvu kwetu kwa sababu theluji tunayoijua ni ya Kilimanjaro. Sasa pima: uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Brocken ni mita 1,141, na kituo cha treni kilichopo juu yake kiko mita 1,125. Kwa hiyo anayenunua dagaa mwaloni Kirumba, kando ya ziwa hapa Mwanza, amesimama juu kuliko abiria anayeshuka kwenye kituo kile! Tofauti haiko kwenye kimo, iko kwenye jua. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta. Brocken iko karibu nyuzi 52 kaskazini, ambako jua la Desemba halipandi juu na mchana ni mfupi. Tena mlima ule umesimama peke yake mbele ya pepo zitokazo Bahari ya Kaskazini. Aprili 1970 theluji yake ilifikia kina cha mita 3.80.

Wengine huiona treni yenyewe kama kitu cha kuchezea watalii, kwa kuwa reli yake ni nyembamba. Upana wake ni milimita 1,000, sawasawa na reli yetu ya zamani iliyofika Mwanza mwaka 1928. (Reli hii ya kutoka Tabora ilijengwa wakati wa Waingereza, ingawa wengi huwapa sifa Wajerumani.) Nani anathubutu kuudharau upana huo? Injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutengenezwa kwa reli ya mita moja zilifanya kazi Afrika Mashariki: kundi la injini lililoitwa daraja la 59, injini 34 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilipewa jina la mlima wa kwetu. Mount Gelai bado ipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na kila mzazi anayepita Nairobi ampeleke mwanawe akaione.

Je, bila reli ya meno, yaani reli ya katikati yenye meno yanayong'atwa na gurudumu la injini, treni haipandi mlima? Ya Brocken haina meno. Mwinuko wake mkali kabisa ni mita moja kwa kila mita 30, na magurudumu ya chuma huushika vizuri. Reli ikiteleza, injini humwaga mchanga mbele ya magurudumu.

Lile wingu kubwa jeupe nalo husemwa kuwa moshi. Sehemu kubwa ni mvuke, na hewa ya baridi huugeuza haraka kuwa matone madogo, ndiyo maana majira ya baridi huonekana mwingi kuliko kiangazi. Moshi wa makaa ya mawe ni ule mweusi.

Wala abiria hawagandi. Mvuke wa injini hupitishwa kwa mabomba hadi mabehewani na kuyapasha joto. Anayeipata baridi ni yule anayesimama kwenye kibaraza cha nje mwishoni mwa behewa ili apige picha.

Kosa la mwisho linaweza kumgharimu msafiri fedha: kudhani kila treni ya mvuke ya milimani hufanya kazi wakati wa theluji. Brocken hupandwa mwaka mzima, ila dhoruba ikizidi safari za kileleni husitishwa. Reli ya mvuke ya Furka, Uswisi, hufungwa kabisa. Kule daraja la Steffenbach hukunjwa kila mwaka kabla ya baridi ili maporomoko ya theluji yasilizoe, kisha hurudishwa yakiisha. Anayepanga kusafiri Januari achague Harz. Furka aiweke Julai au Agosti.