Sukari ya kuipa bia ya chupa gesi: tumia mizani, weka kijiko pembeni

Bia iliyomaliza kuchachuka kwenye ndoo huwa imelala. Ladha ipo, kilevi kipo, lakini gesi ni haba. Kuiamsha tunaongeza sukari kidogo na kufunga chupa. Hamira iliyobaki inaila sukari hiyo na kutoa kaboni dioksidi, ambayo ikikosa pa kutokea inayeyukia kwenye bia. Sasa, kidogo hicho ni kiasi gani? Wengi hupima kwa kijiko, chupa baada ya chupa, nami nawasihi waache.

Gesi hupimwa kwa ujazo: ujazo mmoja ni lita moja ya gesi ndani ya lita moja ya bia. Ale za Kiingereza za pipa huwa chini ya 2, bia za ngano za Kijerumani hupita 3, na kwa bia ya kawaida mimi hulenga 2.4. Gramu 4 za sukari nyeupe kwa kila lita huzalisha takriban ujazo mmoja. Kijiko cha chai kikibeba gramu 2 zaidi ya kilichotangulia, kwenye chupa ya nusu lita umeshaongeza ujazo mzima.

Usianze hesabu kwenye sifuri, maana bia ina gesi iliyobaki tangu ilipokuwa inachachuka. Kwa joto la nyuzi 20, usawa wa bahari, ni kama 0.86, kwa nyuzi 30 za Dar es Salaam hushuka hadi 0.7. Nairobi, kwenye mita 1,800 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo hata kwa nyuzi 20 unabaki na 0.7 ileile. Majedwali mengi yameandikwa kwa watu wa pwani zenye baridi, na jambo hili la mwinuko hayalitaji. Kwa hiyo 2.4 toa 0.7 ni 1.7, zidisha kwa 4, unapata gramu 6.8 kwa lita, yaani gramu 136 kwa ndoo ya lita 20.

Joto la kuhesabia ni lile la juu kabisa ambalo bia imelipitia baada ya kumaliza kuchachuka. Ukiiweka kwenye friji siku mbili ili mashapo yatulie, gesi iliyokwisha kutoka hairudi. Anayehesabu kwa joto la friji huishia na bia iliyopooza.

Kabla ya yote hayo, hakikisha imemaliza kweli. Pima kwa hidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa bia ukilinganisha na maji (maji ni 1.000, na sukari ambayo haijaliwa huipandisha namba), rudia baada ya siku tatu. Namba isiposogea, endelea. Hapa sina mchezo. Kila pointi moja (yaani 0.001) iliyobaki huongeza karibu nusu ujazo, hivyo bia iliyofungwa kwenye 1.014 wakati ilitakiwa kufika 1.010 itajiongezea ujazo 2 juu ya sukari yako. Chupa hupasuka namna hiyo, na vioo vyake huruka. Wanaopika mbege, pombe ya ndizi ya Kilimanjaro, huinywa ingali inachachuka, na kwa desturi hawaifungii kwenye chupa.

Chemsha sukari kwenye maji kidogo, ipoze, imimine kwenye ndoo safi yenye koki, kisha ishushe bia juu yake kwa mpira, taratibu, bila kurusha mapovu. Koroga polepole kwa mwiko uliotakaswa. Tumia chupa nzito za bia zinazorudishwa dukani, ukiacha nafasi ya sentimita 3 shingoni. Chupa moja iwe ya plastiki, ya soda: ibonyeze kila siku, na ikiwa ngumu kama soda mpya, nyingine nazo zimeiva. Kwa nyuzi 20 subiri wiki mbili. Kwenye joto la Dar wiki moja mara nyingi hutosha.

Kisha zipoze siku mbili zikiwa zimesimama kabla ya kufungua, kwa sababu gesi hukaa vizuri kwenye bia baridi. Mimina kwa mkono mmoja bila kusita, na uache kidole kimoja cha bia chini pamoja na hamira yake.