Chupa tatu na korongo la nyuma ya shule

Mwulize mwanafunzi wa darasa la tano kwa nini tunapanda miti, atakujibu hujamaliza swali: "Ili tupate mvua, mwalimu!" Jibu hilo analo tangu darasa la pili. Nafundisha sayansi Kondoa, na jibu linalotoka haraka hivyo ndilo linalonitia shaka. Siku hizi mada ya mmomonyoko wa udongo siianzii ubaoni. Naianza na chupa.

Ni zile za maji za lita moja na nusu zinazotupwa stendi. Ilaze chupa, kata dirisha ubavuni, jaza udongo. Ya kwanza iache udongo mtupu. Ya pili ufunike kwa majani makavu. Ya tatu panda mtama uliosongamana, mwagilia mpaka mizizi ishike udongo. Anza wiki mbili tatu kabla. Mwaka wa kwanza nilifanya uvivu, nikang'oa nyasi uwanjani na kuzipandikiza asubuhi ileile. Udongo ulikuwa umevurugika, chupa ya nyasi ikatoa tope kuliko zote. Darasa likacheka, nami sikuwa na la kusema.

Ziinamishe kidogo ukingoni mwa meza, kila mdomo na glasi yake. Usimwage maji bado! Hapa ndipo walimu wengi tunakimbia. Kila kikundi kiandike kwanza: glasi ipi itachafuka zaidi, na kwa nini? Nina watoto zaidi ya 70 darasani, na mtoto aliyekwisha kuandika ubashiri wake hasinzii. Maji yapite kwenye kopo lililotobolewa kwa msumari, kiasi kilekile, kimo kilekile, la sivyo watabisha, na watakuwa na haki.

Glasi ya kwanza hutoka na rangi ya chai ya maziwa. Ziache zituame hadi kesho, kisha pimeni tope kwa rula. Kinachowashangaza si mtama, ni majani makavu, yaleyale wanayoyafagia kila asubuhi na kuyachoma. "Mwalimu, sasa tunafagia ya nini?" Swali hilo nililipeleka ofisini. Uwanja bado tunaufagia, ila chini ya miti tumeruhusiwa kuyaacha.

Kazi ya nyumbani ni kuwauliza wazee habari za HADO. Mradi huo wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo la Kondoa lililoliwa na makorongo. Watoto hurudi na majibu yanayogongana: babu huyu anasema ardhi ilipona, yule bado anawalilia ng'ombe wake. Sitafuti mshindi. Nauliza tu: vilima vyetu kabla ya 1979 vilikuwa chupa ipi, na baadaye vikawa ipi? Mabishano hayo hula kipindi kizima, nami huyaacha yaendelee.

Msimu uliopita kikundi kimoja kiliomba tuchomeke vijiti kwenye ukingo wa korongo la nyuma ya shule, kila hatua kijiti. Mvua zilipokwisha tukaenda kuhesabu. Viwili vilikuwa vimekwenda na maji. Mmoja wao akataka kukimbia kumwambia mwalimu mkuu. Wenzake wakamshika shati, aandike kwanza.