Hakuna Daftari la Kujiunga: Ufadhili wa Mtoto Mwenye Ulemavu Katika Shule Binafsi

Wenye shule binafsi wa Malindi, kuanzia Barani na Muyeye hadi Watamu, wengi wenu mnaamini kwamba kuna daftari fulani, Kilifi au Nairobi, ambamo shule ikishaandikwa serikali itaanza kuimiminia pesa kwa hesabu ya watoto wenye ulemavu iliyo nao. Kila Januari naulizwa fomu ya daftari hilo inapatikana wapi. Haipatikani, kwa sababu daftari lenyewe halipo. Mgao ambao serikali hutoa kwa kila mwanafunzi, pamoja na ile nyongeza ya wenye mahitaji maalumu, ni wa shule za umma. Shule binafsi haiupati hata ikijengewa lifti.

Kinachoweza kukufikia ni ufadhili wa mtoto mwenyewe. Kuna mfuko ulio chini ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kuna basari ya NG-CDF, yaani mfuko wa jimbo la uchaguzi, kuna ya kaunti inayopitia wadi, kisha misikiti, makanisa, mashirika na wahisani. Karibu wote hulipa shule moja kwa moja, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa: hundi ikiandikwa jina la shule, mwenye shule hudhani shule ndiyo iliyofadhiliwa. Mtoto akihamia kwa jirani yako muhula ujao, ufadhili unaondoka naye. Basi kazi yako ni mbili tu: kuwa shule inayoweza kulipwa, na kumsaidia mzazi awe na karatasi zinazolipika.

Ya kwanza nitaipitia haraka. Cheti cha usajili wa shule kutoka kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, PIN ya kodi ya KRA, shule iwe kwenye NEMIS, mfumo wa serikali wa kuandikisha wanafunzi, ambao sasa unapisha KEMIS, na walimu wenye nambari za TSC, tume ya kuajiri walimu. Akaunti ya benki iwe kwa jina lile lile lililo kwenye cheti cha usajili, herufi kwa herufi. Cheti kikisema "Academy" na akaunti ikisema "School", benki itairudisha hundi. Akaunti ya mke wa mwenye shule haikubaliki, na tafadhali tusibishane juu ya hilo. Hundi ina uhai wa miezi sita tangu tarehe iliyoandikwa. Zipo zinazofia kwenye droo ya mwalimu mkuu zikingoja mtu wa kwenda mjini.

Sasa ya pili, karatasi za mzazi. Tuanze na tathmini, maana hapa ndipo mambo mengi huharibika.

Zipo karatasi mbili, na moja haisimami badala ya nyingine. Ya kwanza ni ya kiafya: mtoto hukaguliwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, ripoti hujazwa na kutiwa sahihi, kisha husajiliwa na Baraza na kupewa kadi. Kadi hiyo ndiyo inayofungua mfuko wa Baraza. Ya pili ni ya kielimu, ya EARC, kituo cha serikali cha kutathmini mahitaji ya mtoto ya kielimu: inaeleza mtoto anajifunzaje, afundishwe kwa mtaala wa kawaida au ule wa hatua kwa wasiofuata madarasa ya umri, na anahitaji vifaa gani. Hiyo ndiyo utakayohitaji siku ya kumwombea KNEC, baraza la mitihani, karatasi za nukta nundu, maandishi makubwa au muda wa ziada. Shule nyingi zina moja, nyingi zaidi hazina hata moja. Zina orodha ya mwalimu wa darasa iliyoandikwa "mzito wa kuelewa" mbele ya majina kumi na tano. Huo si ulemavu, ni malalamiko ya mwalimu. Ukiwapeleka watoto hao wakahesabiwe ili upate wafadhili, utakuwa umewapa jina litakalowaganda mpaka sekondari.

Kabla ya EARC, pima masikio na macho. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu agizo hili hurukwa kila mwaka. Mtoto ambaye masikio yamekuwa yakitoa usaha tangu utotoni husikia nusu ya somo, hujibu nje ya swali, na hatimaye huandikiwa ulemavu wa kiakili. Mwenye ualbino ambaye haoni ubaoni huambiwa mvivu. Halafu kuna lugha. Mtoto wa kutoka Ganda au Kakuyuni ambaye nyumbani ni Kigiriama kitupu, ukimtathmini kwa Kiswahili cha vitabuni au Kiingereza, ataonekana mdogo kwa miaka miwili kuliko alivyo. Mwombe afisa aulize kwa lugha ya nyumbani, au mpeleke na bibi yake atafsiri. Na hata hapo, sina hakika kikao kimoja kifupi mbele ya mtu mgeni kinatosha kumjua mtoto mwenye usonji. Naichukua ripoti kama mwanzo wa kumfahamu, na naomba irudiwe baada ya mwaka mmoja au miwili. Wafadhili hawapendi kusikia hivyo. Wao wanataka jibu moja lenye muhuri.

Majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khadija, kadi ya ulemavu Hadija, NEMIS Khadijah, barua ya shule Hadidja. Kwetu pwani watu wanne hao ni mtoto mmoja, lakini karani anaona watu wanne. Fuata cheti cha kuzaliwa kila mahali. Kama cheti hakipo, anza nacho hicho hata kama fomu za basari zinafungwa wiki ijayo, kwa kuwa bila hicho mengine yote yatarudiwa.

Tuje kwenye mchanganuo wa karo, jambo linaloniudhi kuliko yote. Zipo shule zinazomtoza mtoto mwenye ulemavu karo mara mbili na kuuita mzigo huo "huduma maalumu" bila kueleza ni nini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu wakati wa kumpokea, na mfadhili yeyote makini akiona mstari kama huo hufunga faili. Zipo nyingine zinazofanya kinyume: zinaandika karo ya kawaida tu, zinapewa hiyo hiyo, kisha zinalia kwamba msaidizi wa darasani hana mshahara.

Andika karo ya msingi sawa na ya watoto wote. Chini yake weka gharama za ziada, kila moja na hesabu yake. Tuseme karo ni shilingi 15,000 kwa muhula. Msaidizi analipwa 18,000 kwa mwezi, na mkataba wake ni wa miezi mitatu kwa muhula, yaani 54,000. Anahudumia watoto watatu, kwa hiyo kila mmoja 18,000. Unaona? Msaidizi anagharimu kuliko karo. Mfadhili akiuona mchanganuo huo anaweza kulipa vyote, au alipe karo na kukuelekeza kwa mwingine. Asipouona, hatakisia. Usafiri uandike peke yake, kwani basari nyingi za umma haziugusi. Na soma masharti ya kila fomu kabla ya kumpa mzazi matumaini: baadhi ya fadhili kubwa za sekondari zimekuwa zikidai mtahiniwa awe ametoka shule ya msingi ya umma. Mzazi aambiwe hayo mapema, wala si Gredi ya Tisa.

Kuhusu majengo, ramp, yaani njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu, si kibandiko cha saruji kilichomwagwa mbele ya mlango siku ya ukaguzi. Kipimo ni moja kwa kumi na mbili: kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa mita 1.8. Mlango uwe na upana wa sentimita 90. Na njia kutoka getini, mabwana, ni mchanga! Kiti cha magurudumu huzama mchangani kabla hakijaifikia hiyo ramp yenu nzuri. Choo nacho kiwe na nafasi ya kiti kugeuka. Unyevu wa bahari hulainisha karatasi za nukta nundu hadi nukta zinalala, na huua vifaa vya kusikia. Weka karatasi kwenye kasha lisiloingiza hewa, na vifaa usiku vilale kwenye kopo lenye dawa ya kukausha.

Kuna swali moja ambalo sina jibu lake. Mtoto kiziwi akija kwako na hakuna hata mtu mmoja anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya, umpokee kwa sababu ufadhili umepatikana? Akikaa kwako atakuwa pekee kati ya watoto mia tatu wasiozungumza naye, na miaka ya kujenga lugha haimngoji. Ukimwelekeza shule ya viziwi ya Kibarani, Kilifi, atapata wenzake na walimu wanaotumia ishara, lakini huenda akalala bwenini akiwa na miaka sita, mbali na mamake. Nimewasikia wataalamu wakijibu hili kwa sentensi moja, na siwaamini. Ninachojua ni kwamba mwalimu mmoja aliyepelekwa KISE, taasisi ya elimu maalumu, kwa kozi fupi hawi mkalimani wa shule nzima.

Pesa zikiingia, kata stakabadhi kwa jina la mtoto siku hiyo hiyo na mpe mzazi nakala. Basari mara nyingi huchelewa hadi katikati ya muhula, kwa hivyo ukimfukuza mtoto wiki ya pili kwa karo ambayo hundi yake iko njiani, mfadhili akiuliza mahudhurio utajibu nini? Basari mbili zikikutana na kuzidi karo, ziada ihamishiwe muhula unaofuata kwa maandishi. Ombi hurudiwa kila mwaka na ripoti mpya ya masomo; hakuna linalojirudia lenyewe. Na mtoto akihama, andika salio lake, mpe barua ya kuhama, na umjulishe mfadhili kwa barua ndani ya wiki, kabla shule mpya haijampigia.